Siku ya Pili Isiyoisha

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale haina barabara. Iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji wa Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na anayetaka kufika huko hupanda boti, au ndege ndogo kisha boti. Kwa miaka mingi watu wa mwambao huo walitegemea MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Vijiji vingi havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama majini, pengine usiku wa manane, abiria na magunia yao wakashushiwa kwenye mitumbwi. Kwa mwanakijiji hiyo ni adha. Kwa mgeni anayelala kwenye loji ya ufukweni ndani ya hifadhi, ugumu huohuo wa kufika ni sehemu ya alicholipia, tena kwa dola.

Ananunua nini hasa? Wengi watajibu kwamba ananunua utulivu. Siafiki. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi ya Tanganyika hupiga ufuko usiku kucha, na sokwe wakianza kuitana huku wakigonga mizizi ya miti mikubwa, mji mzima wa Kigoma una kelele pungufu. Wengine watasema ni mapumziko. Hilo nalo halisimami. Mgeni huamka asubuhi, akapanda miteremko ya milima ambayo kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462, akajikwaa kwenye mizizi, akalowa jasho, akawatafuta sokwe kwa saa kadhaa ili aruhusiwe kukaa nao saa moja tu, kwa mbali, akiwa amevaa barakoa asije akawaambukiza mafua. Akirudi anasema amepumzika, na anasema kweli. Basi kilichopumzika si mwili.

Nadhani kinachopumzika ni kule kudaiwa. Sisemi madeni ya fedha peke yake. Mtu wa mjini anadaiwa kutwa: kamati ya harusi inamkumbusha ahadi yake, kikoba kinakutana Jumamosi, mtoto wa kaka yake anasubiri ada, fundi anataka kujua bati zije lini, na kundi la WhatsApp la ukoo linauliza kwa nini yuko kimya. Kila dai ni la haki, na hapo ndipo uzito ulipo, maana dai la haki halina pa kukimbilia. Sasa mweke mtu huyo mbele ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo halijui kama amekuja wala halitajua ameondoka. Hakuna kitu pale kinachomhitaji. Furaha anayoipata ni furaha ya kutohitajika, na sioni sababu ya kumcheka.

Ila furaha hiyo ina sharti lake: humnogea yule tu anayehitajika kwingine. Mtu ambaye simu yake haijalia mwezi mzima hawezi kwenda Mahale kufurahia kutopigiwa. Huyo upweke anao nyumbani, bure, na unamuumiza. Upweke wa mgeni wa loji umeazimwa kutoka kwa watu aliowaacha, na wasingekuwepo usingekuwa na utamu wowote.

Waswahili tulikwisha kulifikiria jambo hili kwa njia yetu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu ujamaa, akaongeza kwamba aghlabu mgeni mwenyewe angeomba jembe kabla hajapewa, kwa kuona haya kukaa bure. Msemo huu husomwa kama onyo kwa wavivu. Mimi naona una jambo kubwa zaidi. Aliyepewa jembe amepewa nafasi. Kuanzia hapo ana haki ya kuuliza mvua itanyesha lini, kugombana na jirani kuhusu mpaka, na kuliliwa akifa. Loji hufanya kinyume chake kwa ustadi mkubwa: humweka mtu kwenye siku ya pili na kuhakikisha ya tatu haifiki. Badala ya jembe analeta kadi ya benki, na malipo yana tabia ya kufunga hesabu. Akishalipa, hana anachodaiwa, wala hana anachoweza kudai zaidi ya maji ya moto.

Mahale inafaa kwa fikra hii kwa sababu utupu wake una historia. Ni nchi ya Watongwe. Makoto Kakeya, mwanaanthropolojia wa Kijapani aliyewachunguza katika miaka ya 1970, alieleza jinsi sehemu kubwa ya chakula cha kila kijiji ilivyoliwa na wageni, na jinsi wenyeji nao walivyokula kwa wengine walipotembea. Ugeni ulikuwa unazunguka. Kisha vijiji hivyo vidogo, vilivyotawanyika milimani, vikaondolewa: kwanza sera ya vijiji vya ujamaa, iliyowakusanya watu kwenye makazi makubwa, halafu hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1985. Hata sokwe walizoeshwa binadamu. Toshisada Nishida na wenzake, walioanza utafiti hapo mwaka 1965, waliwavuta kwa miwa. Pori analoliona mgeni limefanyiwa kazi nyingi, na sehemu moja ya kazi hiyo ilikuwa kuwaondoa watu ambao wangemuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Siku hizi anayempokea mgeni ni mfanyakazi, na kazi yake ni kuhitajika saa zote. Trei za mayai, mitungi ya gesi na kreti za bia hufika kwa boti, zikabebwa begani hadi jikoni kabla mgeni hajaamka, kusudi meza ya chai ionekane imejiandaa yenyewe. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa dagaa huonekana mbali ziwani, nje ya eneo la hifadhi. Mgeni hukaa kibarazani akazifurahia. Wavuvi wenyewe wako kwenye boti zao wakivuta nyavu, na alfajiri wanawake watawapokea kwa mabeseni, waanike dagaa mchangani, wapatane bei. Ziwa lilelile, usiku uleule, na pengine hakuna watu wanaohitajiana zaidi ya hao.

Kwa hiyo mwenye uwezo na aende. Kukaa siku chache bila kudaiwa na yeyote ni haja halali, na ada za hifadhi husaidia kuwalinda sokwe ambao wamebaki wachache duniani. Ila akirudi mjini asituhadithie kwamba sasa anaijua Mahale. Ameijua loji. Wanaoijua Mahale wanaishi Katumbi, Buhingu na Kalya, vijiji vilivyo nje ya mpaka wa hifadhi.