Zawadi ya mtoto mchanga ni ya nani?



Siku moja ya Jumapili, hapa Kadutu, mama mmoja alileta mtoto wake kanisani mara ya kwanza. Tulimwombea mtoto, tukaimba, kisha watu wakapita mbele mmoja mmoja na zawadi zao, kama ilivyo desturi yetu. Mimi ndiye niliyesimama na kalamu na daftari. Niliandika: vitenge vinne, bahasha saba, sahani kumi na mbili, saa moja ya ukutani. Nilipofunga daftari, mama mzee aliyekaa kwenye benchi la nyuma akaniuliza kwa sauti ndogo: « Baba Shemasi, na mtoto amepata nini? »

Nilicheka. Halafu nikafungua daftari tena, nikasoma kutoka juu mpaka chini, nikaona ya kuwa mtoto hakupata kitu. Alikuwa amefungwa katika kipande cha kitenge kilichozeeka, na ulikuwa mwezi wa kumi na moja, wakati mvua ya Bukavu inanyesha karibu kila siku na baridi inapanda kutoka ziwani. Swali la yule mama lilinifuata mpaka nyumbani.

Mtu mzima ukimpa kitu kisichomfaa, atajua. Atakuambia, ao atanyamaza na kumpa mwingine. Mtoto mchanga hana kinywa. Hawezi kushukuru, hawezi kukataa, na sura yako hataikumbuka. Ndiyo maana ni rahisi sana kutoa kwa jina lake huku macho yetu yanawatazama wakubwa: baba yake atuone, jirani asikie jina letu likisomwa, na siku ya mtoto wetu warudishe kwa kipimo kilekile. Hiyo si zawadi, ni deni linalozunguka. Sisemi deni hilo ni baya; jamaa zetu zinashikamana kwa njia hiyo. Ninasema tu kwamba tusiliite zawadi ya mtoto.

Wengine watanijibu: mama ndiye nyumba ya mtoto, anayempa mama amempa mtoto. Ni kweli kabisa. Anayeleta sabuni, anayeleta makaa, binti anayepanda kilima na bidoni ya maji ili mama mzazi asiinuke, hao wote wamempa mtoto. Lakini saa ya ukutani? Mtoto yule anajua saa moja tu, saa ya kunyonya.

Wapendwa, siandiki haya kama mtu asiye na kosa. Miaka mingi imepita, nilikuwa kijana, nimepata mshahara wangu wa kwanza, na rafiki yangu akazaa kifungua mimba. Nilinunua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile lenye picha ya mtoto mnene, pamoja na biberoni. Nililiweka juu ya meza, katikati, watu wote walione. Mama yule alikuwa na maziwa ya kutosha. Lakini katika nyumba ile wakafikiri: maziwa ya dukani, ya bei namna hii, hayawezi kukosa kupita ya kifuani. Wakaanza kumpa. Sasa ziwa la mama linamfuata mtoto: akinyonya sana, maziwa yanakuja, akiacha kunyonya, yanapungua. Kopo lilipokwisha, kifua nacho kilikuwa kimepungua, na franka za kununua kopo la pili hazikuwepo. Wakapata lingine dogo kwa deni, wakaongeza maji ili lidumu, na maji yenyewe ni yale ya robinet inayotoka leo na kesho haitoki. Mtoto akaharisha. Nilimkuta hospitalini na serum katika mkono mdogo kama kidole changu. Alipona, Mungu asifiwe, leo anasoma. Lakini kile kilichonichoma ni kwamba baba yake, pale pale kando ya kitanda, alinishukuru tena kwa zawadi yangu.

Baadaye nilijifunza mambo ambayo kila muuguzi wa materniti anayajua. Shirika la Afya la Dunia linafundisha kwamba mtoto anyonye ziwa tu mpaka miezi 6, bila hata maji, na kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Na katika mwaka wa 1981, mkutano mkuu wa afya ulipokutana Geneva ulipitisha kanuni inayosema makampuni yasiwape wamama maziwa ya bure ya kuonja. Kile walichokatazwa wafanyabiashara, mimi nilikifanya kwa upendo. Wako watoto waliofiwa na mama, ao mama ni mgonjwa. Hapo maziwa ya kopo yanaweza kuokoa maisha, lakini kwa shauri la mganga, na mwenye kutoa ajiulize kwanza: kopo la pili litanunuliwa na nani? (Na wazee wetu wanaopenda kumlambisha mtoto asali: mbele ya mwaka mmoja, hapana, hata kidogo. Asali inaweza kubeba sumu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliiwezi.)

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili, tunasoma kwamba Hana alimshonea mtoto wake kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi bila kuona kitu. Siku hizi ninamwona yule mama na sindano yake. Mtoto hayuko mbele yake ili ampime. Ni lazima ajiulize: mwaka huu amefika wapi? Mabega yake yamepanuka namna gani? Alimpima kwa fikira, na kwa kila mshono alikuwa na mtoto wake. Sisi tunaleta nguo sita za mtoto wa siku nane, zote namna moja, na kiisha mwezi mmoja hazimwingii tena. Hata katika nguo za chagua, kwa bei ileile, unaweza kutafuta ya mtoto wa mwaka mmoja. Utaonekana kama umekosea kipimo. Usiogope.

Sasa neno gumu zaidi. Kila mwisho wa mwaka sokoni zinatokea bunduki za plastiki, na ndugu mmoja wa kwetu alimnunulia mtoto wake wa miaka minne. Tulibishana naye jioni nzima. Yeye alisema: mtoto atacheza tu, hata usipomnunulia, atashika mti na kufanya « pa! pa! pa! ». Sikuweza kumkatalia, maana wangu mwenyewe anafanya hivyo kwa bua la mhindi. Lakini mtoto akiokota bua, ni mchezo wake. Mimi mkubwa nikitoa franka, nikaifunga vizuri, nikamwekea mikononi, nimemwambia ya kuwa hiki ndicho ninachokutakia. Na sisi tunaishi katika jimbo ambamo tangu vita vya 1996 watoto wameshikishwa bunduki za kweli. Tuliwaita « kadogo ». Zamani neno hilo lilikuwa la nyumbani, la kumwita kitinda mimba aje kula. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kuwaingiza watoto katika jeshi na makundi ya silaha. Sheria haisemi neno juu ya plastiki. Hapo ni dhamiri ya baba inayopaswa kusema. Ndugu yetu hakukubali maneno yangu, lakini wiki iliyofuata nilimkuta mlangoni kwake na mtoto, wanakunja waya wa kufanya gari, na magurudumu wameyakata katika sandali iliyochakaa.

Juu ya bahasha nitasema kidogo tu. Nilikuwa mtoto katika 1993, wakati wa pesa ya zaire, ilipotolewa zaire mpya na moja ikahesabiwa kwa milioni 3 za zamani. Aliyempa mtoto noti wakati ule, noti ilikufa mbele mtoto hajatambaa. Bibi yangu alimpa mdogo wangu kobayi wawili, dume na jike. Mnyama huyo anakula majani na maganda, analala jikoni, na mimba yake ni kama miezi miwili. Mdogo wangu alipoanza kutembea alikuwa na mali.

Kuna zawadi nyingine isiyoletwa mbele ya kanisa. Sheria ileile ya 2009 inampa mtoto haki ya kuandikishwa serikalini katika siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni lazima kwenda tribunali, na huko franka zinatoka. Wengi wetu tunazipitisha, si kwa ubaya, ila kwa safari, kwa foleni, kwa kuogopa kusimama mbele ya mtu wa ofisi. Mwaka uliopita baba mmoja wa kwetu, asiyejua kusoma, alikuwa amefika siku ya 84. Mzee mmoja fundi wa viatu, ambaye hakuwa na kitu cha kutoa, alifunga kazi yake, akachukua karatasi ya materniti, akamsindikiza mpaka komine, wakakaa huko tangu asubuhi mpaka saa tisa. Wakarudi na jina la mtoto limeandikwa.

Jumapili iliyofuata nilifungua daftari la zawadi, nikaandika jina la yule mzee, na kando yake: siku moja.

Wamama wanaofuma kofia za sufu kwa watoto wachanga wamekwisha nyuzi. Rangi yoyote inafaa, hata sweta kuukuu ya kufumua.