Je, Mgonjwa wa Akili Hutenda Dhambi?



Siku moja, wakati wa mafundisho, mzee mmoja alisimama akauliza: «Mwalimu, mtoto wa ndugu yangu ameharibika akili. Juzi alimpiga mama yake kwa fimbo. Je, ametenda dhambi ya mauti? Au ni shetani? Au ni ulozi?» Kabla sijafungua kinywa, wengine walikwisha kujibu. Mmoja alisema afungwe kamba; mwingine alimtaja jirani kuwa ndiye mlozi. Nami niliogopa, maana neno la namna hiyo laweza kuua mtu.

Tuanze na yale tuliyojifunza. Ili dhambi iwe ya mauti, yatakiwa mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema kwamba ni baya, naye alitake kwa hiari yake. Kumpiga mama ni jambo zito, hakuna shaka. Lakini yule kijana alijua? Alitaka? Ugonjwa ukizima taa ya akili, mtu hutembea gizani. Akiupiga mtungi teke, mtungi huvunjika kweli. Hata hivyo, kosa la moyo huenda halipo.

Basi, akili ya mtu hupimwaje? Daktari wa magonjwa ya akili hupima kwanza kwa kutazama na kusikiliza. Hutazama mavazi ya mgonjwa na jinsi anavyokaa. Husikiliza kama maneno yake yafuatana au yarukaruka. Humwuliza: Moyo wako una huzuni? Umetamani kufa? Wasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Wadhani watu wanakuwinda? Leo ni siku gani, na hapa ni wapi? Aliye Kasaji akijibu kwamba yupo Kolwezi, hiyo ni alama ya kuangaliwa. Tena humwuliza: Wewe mwenyewe waona kwamba u mgonjwa?

Kisha huwauliza jamaa: Ilianza lini? Analala usiku? Alikuwa na homa? Anakunywa lutuku? Maana malaria ikishika ubongo huweza kumpotosha mtu akili kwa muda wa siku chache, na ugonjwa wa malale hubadili tabia polepole. Magonjwa hayo yana dawa, lakini yakicheleweshwa huua.

Wala alama moja haitoshi. Mjane aliyesikia sauti ya marehemu mumewe wakati wa kilio si lazima awe na wazimu. Kijana asiyemtazama mkubwa usoni labda ana heshima tu. Kwa hiyo yafaa mgonjwa aulizwe kwa lugha ya nyumbani kwake, Kilunda au Kichokwe, na mtu ajuaye desturi za kwao.

Mtasema: «Na mapepo, je?» Kanisa halikani kwamba shetani yupo. Lakini tangu kitabu chake cha ibada cha mwaka 1614 lamwonya padre asisadiki upesi kwamba mtu amepagawa. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yafundisha kwamba ugonjwa wa akili ni jambo jingine, na kuutibu ni kazi ya waganga wa hospitali. Hakuna awezaye kumpunga aliyepagawa ila padre aliyepewa ruhusa na Askofu. Ikiwa Kanisa lenyewe laenda polepole namna hii, sisi twapata wapi haraka yetu?

Hata Bwana wetu alihukumiwa hivyo. Marko, katika sura ya tatu, aeleza kwamba jamaa zake walitoka kumkamata, kwa kuwa ilidhaniwa amerukwa na akili. Walikuwa watu wa nyumbani kwake, nao walikosea.

Huko Gent, nchini Ubelgiji, Padre Petrus Jozef Triest alianzisha shirika la Mabruda wa Mapendo mwaka 1807. Mwaka 1815 waliwafungua wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo. Baadaye daktari Joseph Guislain alifanya kazi pamoja nao, akafundisha kuwatendea wagonjwa hao kama wanadamu. Kwetu Lubumbashi, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mabruda hao yaitwa kwa jina lake.

Basi nilimjibu yule mzee: «Baba, ondoeni panga na shoka nyumbani. Msimpige. Mpelekeni kwenye kituo cha afya, na mama yake aende, aeleze aliyoyaona. Akipewa dawa, msiziache kwa sababu amepata nafuu. Nasi tutamwombea, sala na dawa hazigombani.» Tena asidhani kwamba mlango wa Kanisa umefungwa kwa kijana wake. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, asiye na akili zake huhesabiwa katika ubatizo sawa na mtoto mdogo.

Je, kijana ametenda dhambi? Mungu ajua. Lakini juu yetu sisi, jibu ni rahisi. Kumfunga mgonjwa kama mnyama na kumsingizia jirani ulozi ni jambo zito. Twajua kwamba ni baya. Nasi twatenda kwa hiari, akili zetu zikiwa timamu. Hesabuni wenyewe, ndugu zangu: mambo yote matatu yapo.