Tumbo Nalo Lina Saa Yake: Simu ya Usiku na Fadhila ya Kiasi



Kijana mwenzangu, leo tuongelee kitu ambacho hakisikiki sana kwenye mahubiri: tumbo. Unakuta mtu asubuhi analalamika. Mara kiungulia, mara gesi, tumbo limejaa, chai haipiti, choo hakieleweki. Ukimuuliza amelala saa ngapi, anacheka: "Saa tisa, si nilikuwa na bando la usiku!" Kwenye vyumba vya kupanga vya Nyegezi na Malimbe, na mpaka Igoma huko, stori ni hiyo hiyo. Bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana, kwa hiyo filamu, marudio ya mpira na video fupi vyote vinasubiri giza. Ikifika saa sita njaa inauma, chipsi zege inaletwa, mtu anakula akiwa amejiegemeza kitandani, macho kwenye kioo.

Sasa swali. Je, hili ni la daktari peke yake, au linaigusa pia dhamiri? Maana utetezi wetu tunaujua: mwili ni wangu, simu ni yangu, bando nimenunua kwa hela yangu. Nimemkosea nani?

Kinachotokea ndani

Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young. Kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda, walionyesha jinsi saa iliyo ndani ya chembe hai inavyofanya kazi. Saa kuu iko kwenye ubongo, nayo hujirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni. Lakini ini, kongosho na utumbo navyo vina saa zake, na hizo hufuata sana muda tunaokula. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga wa kioo karibu na macho huichelewesha. Hapo ubongo unadhani bado jioni, huku tumbo limeshaanza kufunga duka.

Ukila saa saba usiku, chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi kuliko kile cha asubuhi, na mwili huishughulikia sukari kwa shida. Ukijinyoosha hapo hapo, asidi inapanda kooni, ndicho kiungulia. Tena utumbo ukiwa mtupu huwa unajifagia: kila baada ya saa moja na nusu hivi, wimbi hupita likisukuma mabaki. Kila ukitafuna kitu, ufagio unasimama. Hata bakteria wema wa utumboni wana mzunguko wao wa mchana na usiku. Na usingizi ukipungua, homoni ya njaa hupanda, ndiyo maana anayekesha hutamani mafuta na sukari, si matembele.

Tuwe wakweli lakini. Simu haileti vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa fulani za maumivu nazo huchangia. Kwa hiyo ukiwa na maumivu yanayorudi rudi, au choo cheusi, usijitibu kwa ushauri wa kwenye kundi la WhatsApp. Nenda ukapimwe.

Mwili ni wangu?

Mtume Paulo aliwaambia Wakristo wa Korintho kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba wao si mali yao wenyewe (1 Kor 6:19-20). Mara nyingi tunaisoma sehemu hiyo tukiwaza uasherati tu. Katekisimu namba 2288 inaupanua uwanja: uhai na afya ni zawadi za Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Namba inayofuata inatuonya tusiufanye mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Basi sisemi hapa tuishi kwa ajili ya tumbo.

Fikiria hivi. Katika vyote unavyoviita "vyangu", mwili ndicho ambacho mkono wako umehusika nacho kidogo kuliko vyote. Simu umeinunua. Saa ya ini lako hukuinunua, hukuitega, na hakuna mahali pa kuibonyeza ibadilike. Umeipokea. Na mtu hutumia zawadi vizuri kwa kumsikiliza kwanza aliyeitoa. Kiungulia, ukikitazama vizuri, ni kiumbe kinachokukumbusha kwa upole kwamba wewe si muumba.

Somo la dagaa

Sisi watu wa ziwa tuna mfano karibu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi. Wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola, kisha wanangoja. Dagaa wanaufuata mwanga, wadudu wanaufuata mwanga, halafu wavu unapanda. Asubuhi utawakuta Mwaloni Kirumba.

Dagaa halaumiwi, hana akili ya kujiuliza huu ni mwanga wa nani. Sisi tunayo. Kuna aliyewasha taa hii, na analipwa kwa dakika za macho yetu. Lakini mtazame na mvuvi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu, anatulia, anashona nyavu, analala. Kazi yake yenyewe imekubali mpaka uliowekwa angani. Simu haina mbalamwezi. Mpaka lazima uuweke mwenyewe, na kuuweka huko ndiko Kanisa linakoita fadhila ya kiasi.

"Mbona Yesu alikesha?"

Kweli, alikesha mlimani akisali (Lk 6:12). Wauguzi wa Bugando wanakesha, mvuvi anakesha, mama mwenye mtoto mgonjwa anakesha. Matumbo yao nayo yanaumia, na hawana kosa. Hiyo ni sadaka. Kipimo ni hiki: nani amekuita? Wao kuna anayewahitaji. Saa nane usiku, kwenye video ya mia mbili, hakuna anayekungoja. Na Yesu huyo huyo alilala kwenye mashua wakati wa dhoruba (Mk 4:38). Aliamini kwamba ziwa lina mwenyewe.

Basi ni dhambi?

Usikimbilie kitubio ukitetemeka kwa sababu ya chipsi za saa sita. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kutazama mazoea, kwamba tendo kwa tendo yanatujenga tuwe watu wa namna fulani. Anaweka hata hamu ya kuona na kujua chini ya fadhila ya kiasi, kwa sababu macho nayo yana ulafi wake. Basi jiulize: nikiamua kuizima, naweza? Kama huwezi, tatizo limeshavuka tumbo, limefika kwenye uhuru wako. Na kama kila Dominika unasinzia kwenye Misa, au mama anaamka peke yake kuchota maji wakati wewe umelala, basi yule uliyeuliza "nimemkosea nani" ana jina.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi. Wengi hawakeshi kwa raha. Kijana amemaliza chuo, ajira hakuna, mchana anaona aibu hata kukutana na watu. Usiku ndiyo saa pekee asiyoulizwa kitu. Kwako ndugu yangu, Thomas huyo huyo ana neno. Anapoorodhesha dawa za huzuni, anataja machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, halafu bila aibu anaongeza usingizi na kuoga. Eliya naye alipotamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena (1 Fal 19).

Wiki hii jaribu mambo matatu. Kula chakula cha jioni saa mbili au tatu kabla ya kulala. Simu ilale mbali na kitanda, ikiwezekana chumba kingine. Na nafasi yake iwe Sala ya Usiku, dakika tano tu, ukiirudisha siku mikononi mwa mwenyewe.

*Bwana, umeweka mpaka kati ya mchana na usiku, ukaona ni vyema. Nifundishe kuupenda mpaka huo. Wabariki wanaokesha kwa ajili yetu, ziwani na wodini. Nasi wengine utupe usingizi, na asubuhi njaa njema. Amina.*