Mgeni Asiyekula Nyama

Hapa Singida mgeni huchinjiwa kuku wa kienyeji, na mbuzi akiongezeka, sherehe imenoga. Sasa tuseme Jumapili binti yako anakuja na wenzake wawili wa kazini: Msabato aliyeacha nyama, na Mhindu ambaye hata yai hali. Utawachomea nini?

Waulize mapema. Wapo wasiokula nyama lakini mtindi wanakunywa vizuri tu. Kisha watengee wavu wao. Muhogo, viazi vitamu, mahindi mabichi, vitunguu vyetu na bilinganya iliyopakwa mafuta ya alizeti vitangulie motoni, kabla mafuta ya mbuzi hayajaanza kudondokea mkaa. Mlenda uungwe kwa karanga. Tafadhali, shangazi, usiutie mchuzi wa kuku "kidogo tu, uongeze ladha". Hicho kidogo ndicho kitakachomlaza mgeni na njaa. Ugali wa uwele utawatosha wote.

Na usiwatengee meza ya pembeni kana kwamba wanaumwa. Sinia lao likae katikati, ila uchome bilinganya za kutosha: wajomba huanza kudokoa wakisubiri nyama iive.