Viboko vya Chunya: Funzo kwa Wazazi na Walimu wa Ngonga

Mwanzoni mwa Oktoba 2019 mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, yaliungua moto. Baadhi ya wanafunzi walituhumiwa kuwa na simu kinyume cha kanuni za shule na kuhusika na moto huo. Albert Chalamila, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, akaenda shuleni, akawaita mbele wanafunzi 14, akashika fimbo na kuwachapa kwa mkono wake huku wenzao wakitazama. Video ikasambaa nchi nzima. Siku chache baadaye Rais John Magufuli akampongeza hadharani. Wako walioshangilia, wako waliolaani.

Chunya na Kyela ni mkoa mmoja, na watoto wetu wa hapa Ngonga, wilayani Kyela, wana simu zile zile na mabweni yale yale. Tujifunze kabla hayajatufika.

Wanafunzi waanze. Anayechoma bweni kwa sababu ya simu anachezea roho za watu. Machi 2001, kule Kyanguli, Machakos nchini Kenya, bweni lilichomwa usiku na vijana 67 wakafa. Hakuna simu yenye thamani hiyo. Na mchuma janga hula na wa kwao: bweni likiungua, mzazi aliyeuza mpunga ili alipe michango ndiye anayedaiwa tena.

Sasa sisi wakubwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi. Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Viboko havizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu huandikwa kitabuni. Mkuu wa mkoa hatajwi popote. Siku ile kule Chunya mwanafunzi aliadhibiwa kwa kuvunja kanuni, na aliyemwadhibu akavunja kanuni mbele ya macho yake. Kijana aliyeona hivyo huondoka na somo moja tu: sheria ni ya mnyonge, mwenye cheo haimhusu. Somo hilo halimzuii kuficha simu. Linamfundisha kuificha vizuri zaidi.

Simu yenyewe inatoka wapi? Mara nyingi nyumbani. Msimu wa kakao ukiwa mzuri, baba humnunulia mwanawe simu ya kupangusa, kisha mama huifunga ndani ya kanga chini ya tranka, kati ya sabuni na daftari, ili mtoto apige akiugua. Mwalimu wa zamu akiikuta, mzazi yule yule anakuja shuleni kulalamika kwamba mwanawe anaonewa. Nyumba imeshafundisha kinyume. Shule itajenga nini juu yake?

Sare nayo ni hivyo hivyo. Sketi iliyopunguzwa na suruali ya modo hupita kwa fundi cherehani wa mtaani, na mzazi anaziona zikianikwa kwenye kamba. Lakini mwalimu atofautishe mkaidi na maskini. Anayebana suruali amechagua. Anayekuja na kandambili wakati wa masika hana viatu vingine. Kumrudisha nyumbani huyu wa pili ni kumnyima hesabu na Kiswahili kwa kosa la umaskini wa kwao.

Njia nzuri ipo, na si ghali. Kanuni ya simu na sare iandikwe kwenye fomu ya kujiunga, isomwe kwenye kikao cha wazazi, mzazi atie saini. Simu ikikamatwa iandikwe kitabuni na mwalimu wa nidhamu, mwanafunzi akishuhudia, na ikabidhiwe mzazi, isipotelee ofisini. Matroni awe na simu ya shule ambayo mtoto ataitumia kuongea na mama yake, ili sababu ya kuficha iondoke. Na adhabu iwe ile ile kwa mtoto wa diwani na kwa mtoto wa mkulima.

Wazazi wa Ngonga, kagueni tranka kabla mtoto hajapanda gari. Walimu, someni kanuni kabla ya kushika fimbo. Nidhamu inayosimamiwa kwa haki mtoto huibeba hata mwalimu asipokuwepo. Ya woga huisha fimbo inapowekwa chini.