Kiu ya Mgonjwa

Juma lililopita tulikwenda kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa dini kwa miaka mingi. Watu wa mtaa wake karibu wote walijifunza kwake Ishara ya Msalaba. Sasa ana donda kooni. Chakula hakipiti, na hata maji huyameza kwa shida. Tulipoketi karibu naye alituambia kwa sauti ndogo kwamba limempata jambo lililo baya kuliko maumivu: hawezi kusali tena. Midomo yasema Salamu Maria, lakini moyo ni mkavu kama kisima cha mwezi wa kumi. "Niliwafundisha wengi," akasema, "na leo mimi mwenyewe sioni kitu. Je, imani imenitoka?"

Nasi, wasomaji wapenzi, twaona haya kuandika jinsi tulivyomjibu. Tulijibu upesi, kama watu walioikariri katekisimu: tukamwambia kwamba mateso ni neema, na kwamba amshukuru Mungu. Yule mzee hakubisha. Aligeuza uso wake ukutani.

Tumeyafikiri hayo siku zote za juma hili, na twaona kwamba tulikosa. Si kwamba neno lile ni la uongo. Kanisa lafundisha kweli kwamba mateso yakiunganishwa na msalaba wa Kristu yana faida kubwa kwa roho. Lakini mtu aliomba maji, nasi tukampa somo.

Tumtazame Bwana Wetu mwenyewe. Mtakatifu Yohane atuandikia kwamba Yesu, alipokaribia kufa, alisema kuwa ana kiu. Mtu aliyepigwa mijeledi, aliyetokwa na damu, aliyetundikwa juu ya mti, hana budi kuona kiu. Wala tusifanye haraka kuligeuza neno lile kuwa fumbo tu. Zamani walikuwako watu waliosema kwamba Mwana wa Mungu hakuteswa kweli, bali alionekana tu kana kwamba anateswa, na Kanisa liliwakataa tangu mwanzo. Ulimi wake ulikauka kweli. Naye ni yule yule aliyeketi kisimani huko Samaria, yapata saa sita mchana, amechoka kwa safari, akamwomba maji mwanamke mgeni kwake, kisha akamwahidia maji ya uzima. Mwenye maji ya uzima aliomba kunywa, wala hakuona aibu. Pale Kalvari wengi walikuwa na maneno ya kumwambia. Lakini aliyemnyoshea sifongo yenye siki alimpa angalau kitu cha kulowesha midomo.

Twataka kumweleza yule mzee, na wengine walio kama yeye, habari za Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Wengi wetu tuna picha yake ukutani, ameshika mawaridi, na kwa sababu ya mawaridi hayo twasahau jinsi alivyokufa. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, katika monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux, Ufaransa, alitema damu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Siku zile zile za Pasaka giza likaingia rohoni mwake, wala si giza la siku mbili tatu: lilikaa naye mpaka alipokufa tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Yeye aliyeiwaza mbingu tangu utoto wake alisikia moyoni kama sauti za kumdhihaki, zikisema kwamba mbele yake hakuna kitu ila usiku mtupu. Alianza kuyaandika hayo, kisha akaacha, akiogopa kukufuru. Aliiandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akaiweka karibu na moyo wake. Maumivu yalipozidi, aliwaonya wenzake wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa ateswaye namna ile, kwa kuwa asiye na imani angeweza kujiua bila kusita. Tangu tarehe 19 Agosti hakuweza tena kupokea Komunyo. Majuma sita!

Na huyu ndiye ambaye Papa Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925, na Papa Yohane Paulo II akampa cheo cha Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997.

Hata katika hali hiyo hakuwasahau wengine. Aliagizwa atembee kidogo bustanini kila siku, na sista mmoja alipoona jinsi alivyochoka akamsihi apumzike. Alijibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani, ambaye labda yuko mbali naye amechoka pia. Mmoja wa ndugu zake wa kiroho, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe, wanaojulikana sana katika nchi zetu, akaja kufanya kazi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Basi, ukavu wa roho si dalili kwamba imani imekwisha. Mtu aliyeitupa imani halii kwa kuwa hawezi kusali.

Tena yako mambo mawili ambayo wengi hawayajui, na kwa kutoyajua wagonjwa wetu hupata hasara. Papa Pius XII aliwaambia waganga tarehe 24 Februari 1957 kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu makali, hata ikiwa yaweza kupunguza siku zake bila kukusudiwa, kama hakuna njia nyingine. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumlazimisha mgonjwa akatae dawa kwa jina la utakatifu. La pili: asiyeweza kumeza Mwili wa Bwana aweza kukomunika kwa maumbo ya divai peke yake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 925. Sharti jamaa wamwarifu Padre mapema, wasingoje mpaka mgonjwa apoteze fahamu.

Jumatano tulirudi kwa yule mzee pamoja na Padre wa parokia. Tulimkuta mjukuu wake, msichana mdogo, ameketi kando ya kitanda, anachovya pamba katika kikombe cha maji na kulowesha midomo ya babu yake. Padre alimpa matone machache ya Damu Takatifu. Hatukumhubiria. Tulimwambia tu kwamba alale atulie, nasi tutasema Salamu Maria mahali pake, kama yeye alivyotutangulia kuzisema tulipokuwa watoto tusiojua maneno bado. Tukaanza Rozari. Katika fungu la pili alifumba macho. Hatujui kama alikuwa analala ama anasali. Msichana akachovya tena pamba.