Abiria, Chunga Mzigo wa Mwenzako

Masomo: Wagalatia 6:1-5, Matendo ya Mitume 8:26-40



Katika kurasa hizi nimezoea kuwaonya ninyi. Mwezi huu nitaanza kwa kujionya mwenyewe, na jambo nitakalosimulia lilinipata ndani ya basi.

Wengi wenu mnaijua vizuri njia itokayo Kimara Mwisho hadi Kivukoni, hapa Dar es Salaam. Mabasi tunayoyaita mwendokasi yalianza kupita njia hiyo mwezi wa Mei, mwaka 2016. Huteremka kutoka vilima vya Kimara, hupita Ubungo, Urafiki, Manzese na Magomeni, huvuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, hupanda Fire, kisha huingia mjini hadi ufukoni. Akaaye ndani yake asubuhi moja tu ameuona mji mzima. Yumo mlinzi aliyekesha, naye anasinzia. Yumo karani mwenye shati lililopigwa pasi. Yumo mama aendaye Feri kununua samaki wa kukaanga. Wamo wanafunzi, wagonjwa, na wanaotafuta kazi. Bega la huyu limelalia bega la yule.

Wazee wetu watakumbuka safari za zamani. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974, na yale mabasi marefu ya Ikarus tuliyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa watu. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na kwa ajili ya ile sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, tukapata neno daladala. Yalikuwapo pia yale yaliyoitwa chai maharage, ambayo abiria walikaa juu ya mabenchi wakitazamana uso kwa uso, magoti yakigusana. Humo hukuweza kujifanya hukumwona mwenzako.

Liko neno ambalo limeandikwa ndani ya magari mengi ya nchi yetu: Abiria chunga mzigo wako. Ni onyo jema, maana wezi wapo. Lakini nataka kuwauliza, je, Mkristo akiisha kuchunga mzigo wake amemaliza kazi?

Sasa nisikilizeni. Jumanne moja ya Kwaresima nilipanda basi Kimara, nikienda mjini kwenye mkutano wa makasisi. Nilipata kiti. Tulipofika Manzese basi lilikuwa limejaa, na watu waliosimama walikuwa wameshika bomba hadi mlangoni. Akaingia bibi mmoja mzee. Mgongoni alibeba mtoto kwa kanga, mkononi ana kikapu, na kwapani amebana bahasha kubwa ya hospitali. Akasukumwa na watu mpaka akasimama mbele yangu. Akaiona kola yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Baba."

Bibi yule angeweza kunizaa. Mimi ndiye niliyepasa kumwamkia. Nami nikajibu, "Marahaba, mama," nikaendelea kukaa. Tena nilifanya vibaya zaidi. Nilifungua kitabu changu cha sala, nikainamisha kichwa. Ndugu zangu, sikuwa nikisali. Nilikuwa nikijificha. Moyoni nilijiambia kwamba nimechoka, kwamba goti linaniuma, kwamba vijana wapo wengi, waache wasimame wao.

Pembeni yangu alikaa msichana wa shule, kichwani ana ushungi mweupe, mkoba wa vitabu mapajani. Akainuka bila kuambiwa na mtu. Akasema, "Bibi, kaa hapa." Bibi akaketi, akamfungua mtoto mgongoni akampakata. Kisha, kabla hajavuta pumzi, akanyosha mkono kwa yule msichana aliyesimama, akamwambia, "Lete mkoba wako, mwanangu, nikushikie."

Nikaona kwa macho yangu jinsi Maandiko yanavyotimia, na mimi mwenye kuyahubiri sikuwamo.

Ndipo bibi akanigeukia, wala hakuwa na kinyongo chochote. Akaniambia kwamba mama wa mtoto amekwisha fariki, na kwamba mtoto anapelekwa Muhimbili kwa ajili ya kifua. Akasema, "Baba, utuombee." Nikaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto, kilikuwa cha moto. Niliomba, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe. Tulipofika Fire, bibi akamrudishia msichana mkoba wake, akashukuru, akashuka. Mimi niliendelea hadi Kivukoni nikiwa nimekaa. Mpaka leo sijui jina lake. Siku zile za Kwaresima nilikwenda kuungama jambo hilo mbele ya kasisi mwenzangu, na leo nalisema mbele yenu.

Basi, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tuyatazame maneno ya Mtume Paulo. Katika aya ya pili anatuagiza tubebeane mizigo, maana hivyo ndivyo amri ya Kristo inavyotimizwa. Lakini katika aya ya tano anasema kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Je, anajipinga? Hapana. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili mbalimbali. Mzigo wa aya ya tano ni ule ambao kila mtu amepewa kwa kadiri yake, yaani hesabu ya matendo yake, ambayo hapana awezaye kumtolea mwingine mbele za Mungu. Mzigo wa aya ya pili ni uzito unaomlemea mtu hata akashindwa kwenda: ugonjwa, msiba, deni, anguko la dhambi. Mzigo wa namna hii haukuumbwa kwa mabega ya mtu mmoja. Kwa hiyo siku ile bibi alikuwa na mzigo uliompita nguvu, nami nilikuwa na hesabu yangu. Kwa kukataa kushika wake, niliongeza yangu.

Pili, tumezoea kumsifu Filipo, aliyepanda gari la Mwethiopia na kumfafanulia nabii Isaya. Tumsifu pia yule Mwethiopia. Alikuwa mkuu, mtunza hazina ya malkia, naye alikuwa ndani ya gari lake mwenyewe. Filipo alikuwa mtu wa kukimbia kwa miguu, mwenye vumbi, asiyejulikana kwake. Hata hivyo mkuu yule alimsihi apande, akaketi naye. Luka anatuambia kwamba njia ile ilikuwa ya jangwa. Kila nipitapo kituo cha Jangwani nakumbuka habari hii. Mwethiopia alitoa nafasi garini mwake, naye akapata ubatizo. Mimi nilinyima kiti ambacho hata si changu, nikashuka mtupu.

Tatu, tulitazame lile agizo la kubebeana. Halimaanishi kwamba wako wenye nguvu ambao kazi yao ni kubeba, na wanyonge ambao kazi yao ni kubebwa. Msichana alitoa kiti, bibi akashika mkoba. Yule aliyesaidiwa alikuwa na kitu cha kutoa, naye alikitoa mara moja. Katika mtaa wetu tunayo desturi ya kupeleka sukari na sabuni kwa wagonjwa, tukapiga picha, tukaondoka. Ni vema kupeleka. Lakini je, tumewahi kuketi tukamwuliza mgonjwa yule, "Nawe utuombee," au "Tufundishe jambo"? Mtu anayepokea tu siku zote, mwisho hujiona ni furushi.

Ndugu zangu, Kanisa ni kama basi lile. Hapana aliyelinunua ila Bwana mwenyewe, naye alilinunua kwa damu yake. Sisi sote tumepandishwa njiani, kila mtu kituo chake, na kiti tulichokalia tumeazimwa tu. Hata hivyo wako kati yetu ambao benchi la mbele wameligeuza kuwa shamba lao, na mgeni akikaa hapo hutazamwa mpaka anainuka. Mwenye dhambi hiyo asiogope. Padre wake ni wa kwanza katika orodha.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, nami nimekwisha kulizungumza na wazee wa kanisa pamoja na Umoja wa Mama. Katika mtaa wetu wako wanaokwenda hospitali peke yao kila juma, wakipanda na kushuka na bahasha zao. Kuanzia mwezi huu kutakuwa na daftari mlangoni mwa kanisa. Anayekwenda hospitali aandike jina lake na siku yake. Anayeweza kumsindikiza aandike la kwake pembeni. Hatuhitaji fedha nyingi. Inatosha nauli, na mtu wa kusema, "Lete nikushikie." Jina langu nimeliandika katika siku ya Jumanne.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeubeba msalaba wetu, na wewe mwenyewe ukakubali Simoni Mkirene akusaidie kuubeba, tusamehe kwa kila kiti tulichonyima. Mrehemu mtoto yule na bibi yake, ambao majina yao wewe unayajua. Utufungue macho tulipojificha, hata nyuma ya sala. Amina.

Ni mimi padre wenu, mtumishi na msafiri pamoja nanyi.